Aliyengoja Kuitwa

Wifi yangu ni mtu mgumu kupendwa, na hajawahi kumwomba mtu ampende. Nimeanza hivyo ili asije mtu akadhani nimeshika kalamu kumpamba. Tangu mbio za kupokezana za mwaka jana mtaa umejaa maneno, na kila anayeyarudia huongeza chumvi ya jikoni kwake. Wapo wanaosema alikataa kijiti kwa chuki. Wapo wanaosema kaka yake alimkana mara ya pili mbele ya umati na habari ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ile kamba ya kituo cha kupokezana kiasi cha kuigusa. Kama lazima tusemwe, basi tusemwe kwa yaliyotokea.

Yeye ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Nyumbani huitwa Kitinda, kwa sababu baada yake mama yao hakuzaa tena. Mama yao alikuwa akisema, kwa mzaha usiokuwa mzaha sana, kwamba alipomaliza kumlea yule hakubakiwa na nguvu za kujaribu mwingine. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji isiyokauka na mabomba ya mvuke yanayopita juu ya vichwa. Mwishoni kuna mashine ya kunyoosha mashuka. Wawili huilisha shuka upande mmoja, kila mmoja na pembe yake, na wawili huipokea upande wa pili ikiwa bado ya moto. Wifi yangu hulisha. Wenzake hupokezana kusimama kando yake kwa sababu hakuna anayemstahimili zamu nzima. Ukiwahi kupeleka pembe yako kabla ya yake, ataivuta shuka yote ikutoke mikononi. Ukichelewa, atakuuliza kama umekuja kazini au umelazwa.

Mbio alizianza kwa hasira, kama anavyoanza mambo mengi. Palikuwa na msimamizi aliyependa kufunga lango la wafanyakazi kengele ikilia tu, na aliyebaki nje akahesabiwa mtoro. Siku moja akafungiwa yeye. Kuanzia kesho yake akawa anakuja kazini mbio, sare zake ndani ya mfuko mgongoni, akifika kabla ya msimamizi mwenyewe na kumngoja langoni mikono kiunoni. Msimamizi alikuja kuhamishwa. Mbio hazikuhama.

Kisha hospitali ikaandaa mbio za barabarani za kuchangia wodi mpya, na kila idara ikatakiwa kutoa watu. Madaktari walikuja na viatu vya rangi za peremende. Yeye alikuja na raba zake za kazini, zile nyeupe zilizokwisha kugeuka kijivu. Nesi mmoja akamwambia kwa upole kwamba viatu vile vingemuua. Akamjibu kwamba basi ni bahati nesi yuko hapohapo. Walipoanza kupanda kile kilima cha kuelekea tangi la maji, nesi akawa anaziona zile raba kwa nyuma, na aliendelea kuziona kwa nyuma mpaka mwisho.

Pale mwisho, mtangazaji alipomvisha medali, akatania kwenye kipaza sauti kwamba bibi amewashinda wajukuu. Wifi akaivua, akamvisha mtangazaji, akamwambia aende akaikimbilie kwanza. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana mume wangu alikuwa akicheka kuliko wote na kuwaambia waliotuzunguka kwamba yule ni dada yake.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mbio za barabarani alizozikosa. Mume wangu alimfuata kote akiwa na koti lake na chupa ya chai, na mimi nilimfuata mume wangu. Niliyoyaona huko sikuyapenda. Kwenye mstari wa kuanzia hamsalimii mtu. Ukimbana kiwiko, anakirudisha na riba. Kwenye meza ya maji huchukua vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha kumwagia nyuma, akisikia mtu anamhemea kisogoni. Nilikwenda shule, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu. Nimezoea watu kusimama nikiingia. Nilipoulizwa kando ya barabara kama yule mwenye maneno ni mtu wetu, nilijibu ndiyo, kwa sababu uongo ungekuwa aibu kubwa zaidi. Lakini nilijibu kwa sauti ndogo.

Mume wangu ndiye aliyeanzisha timu yetu ya mbio za kupokezana. Hizi ni mbio za familia. Kila mwaka klabu ya riadha hufunga barabara kuu asubuhi, na kila familia hutoa wakimbiaji wanne wanaopeana kijiti kutoka kituo hadi kituo. Tulipata kikombe mara moja. Kiko kabatini kwangu na kinang'arishwa.

Halafu mume wangu akaugua. Jumapili moja asubuhi, akiwa kitandani, alimwambia mdogo wake aende kwenye mbio alizokuwa amejiandikisha. Nilikuwepo, nilisikia. Wifi akaenda. Mume wangu akafariki yeye akiwa barabarani. Aliingia uani kwetu viti vya wafiwa vikiwa vimekwisha kupangwa, namba ingali imebanwa kifuani kwa pini, chumvi ya jasho imekauka kwenye mashavu.

Shemeji yangu, kaka wa pili, ndiye aliyesimama. Huyu ana duka la kupiga chapa, mtu wa kupima kila kitu kwa rula, na maneno yake pia huyakata sawasawa. Alisema mbele ya wafiwa wote, majirani na walimu wenzangu wakisikia, "Huyu si dada yetu. Jina lake lisitajwe mbele yangu, na mimi sitalitaja."

Nilimwambia kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemtuma aende. Akanijibu kwamba mgonjwa husema mengi. Na mimi, kusema kweli, siko mbali naye katika hilo. Mgonjwa akikwambia nenda, mtu mwenye akili hukaa. Lakini kumfuta mtu katika ukoo mbele ya wageni ni jambo jingine. Nguo chafu zina chumba chake.

Shemeji alilishika neno lake kama alivyolisema. Kwa miaka, dada yake akawa "yule wa mashuka". Yeye naye akawa "mwenye mashine". Bomba lilipopasuka kwenye nyumba ya urithi wanayoishi wote, huyu mbele na yule nyuma, shemeji alimtuma mpangaji amwambie fundi amwambie yule wa mashuka afunge maji yake. Maji yalifika mlangoni kwa shemeji kabla ujumbe haujafika. Wifi alikuwa amesimama dirishani muda wote akiyatazama yakienda.

Timu yetu ikafa. Hapo ndipo mke wa muuza vipuri, ambaye familia yake ina vijana wengi kuliko adabu, alipoanza kuniuliza kila tukikutana kama kile kikombe chetu bado kinashika maji. Nikavumilia mwaka wa kwanza, na wa pili. Mwaka jana nikasema basi. Nilikuwa na mwanangu, aliyekwisha kuoa na bado ana mapafu mazuri. Nilikuwa na binti wa shemeji, anayefundisha michezo. Shemeji mwenyewe bado anakimbia kila Jumamosi. Wa nne ni yupi, kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kumtaja.

Nilikwenda kwa wifi mwenyewe, chumbani kwake nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameketi ngazini akikata kucha za miguu kwa ajili ya mbio za Jumapili. Sikumzungusha. Nikamwambia namhitaji kwa ajili ya jina la familia.

"Jina lipi, wifi?" akauliza. "Mimi nina jina?"

Nikamwambia asinifanyie mashairi. Akakata ukucha mwingine, kisha akasema atakimbia, ila awe wa mwisho, na mbele yake awe yule mwenye mashine. Nikauliza kwa nini.

"Wewe ulikwenda mkutano wa waandaaji. Unajua kwa nini."

Nilijua. Mwaka uliotangulia wapokeaji walikuwa wakiitwa kwa namba. Wawili wakasikia vibaya, wakaruka barabarani pamoja, wakagongana, mmoja akavunjika bega. Kwa hiyo klabu ikaweka utaratibu mpya. Wapokeaji wote wangesimama nyuma ya kamba, na hakuna ambaye angeivuka mpaka mkimbiaji wake amwite kwa sauti, kwa jina au kwa udugu, na yeye aitike.

"Alinifuta mbele za watu," wifi akasema. "Mbele za watu ataniita. Asiponiita, kijiti atakula nacho chakula cha mchana."

Nilimpelekea shemeji habari ya utaratibu huo dukani kwake, ili asije akasema hakuambiwa. Alikuwa akisawazisha bunda la karatasi kwenye mashine ya kukatia. Akaniuliza kama ni lazima kusema. Nikamwambia ni lazima, na kwamba neno moja tu, dada, lingetosha. Akashusha kisu, karatasi zikakatika.

"Nitanyoosha mkono, shemeji. Kijiti hakina mdomo."

Niliwaacha hivyo wote wawili. Niliamini kwamba barabara ikiwa imejaa watu, na yule wa vipuri akiwa mbele, damu ingewachemka, wangesahau. Watu wengi hugombana nyumbani na kupatana uwanjani. Nilisahau kwamba hawa wawili wamenyonya ziwa moja, na ziwa lenyewe lilikuwa la mama yule.

Siku yenyewe mwanangu alianza vizuri, wa tano. Binti wa shemeji akatutoa huko mpaka wa tatu. Mimi nilikuwa kituo cha mwisho cha kupokezana, mbele ya posta, nimesimama kando ya kamba na koti la wifi mkononi, maana mwenye kulishika siku zote hakuwapo tena. Wifi alisimama mbele kabisa, mikono yote miwili juu ya kamba. Hakuniangalia. Alikuwa akiiangalia kona ambako wakimbiaji hutokezea. Kando yake mpokeaji wa familia ya vipuri, msichana mwenye miguu mirefu, alimsogelea akamwambia, "Shangazi, ukichoka njiani ukae tu, tutakupitia na gari." Wifi akamwambia kwamba gari lenyewe angelisukuma yeye, kwa vipuri wanavyouza baba zake.

Familia ya vipuri ikatokea ya kwanza. Kijana wao akapaza sauti toka mbali, "Mdogo wangu! Mdogo wangu!" na yule msichana akaitika, akainama chini ya kamba, akapokea, akaondoka. Nyuma yao, karibu sana, akaja shemeji. Alikuwa amempita mmoja. Alikimbia vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, uso umekazwa kwa juhudi, mkono umenyooka na kijiti mbele yake. Akafika mstarini. Akasimama.

Wifi hakusogea.

Msimamizi wa kituo, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akamwambia, "Mzee, ita mtu wako."

Shemeji akakiinua kijiti juu zaidi.

"Ita, mzee. Sioni mkono, nasikia sauti."

"Anajijua," shemeji akasema.

"Wanaojijua hapa ni wengi. Ita jina."

Watu wakaanza kucheka. Mmoja nyuma yangu akauliza kama mzee na timu yake wamekutana leo. Mwingine akashauri amwite kwa filimbi. Na huku nyuma wengine wakawa wanafika, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefika aliita. Shangazi. Mke wangu. Mama mdogo. Binti, wewe binti, huku. Wapokeaji wakawa wanaitika na kupenya chini ya kamba kushoto na kulia kwa wifi, wakimgusa mabega, na yeye amesimama palepale akimtazama kaka yake usoni. Mdomo ule ambao haujawahi kukosa jibu ulikuwa umefumba kabisa, na midomo yenyewe ilikuwa ikitetemeka kidogo. Sikuwa nimeona hilo hata siku ya msiba.

Msimamizi akapoteza ukali. Akamsogelea shemeji, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia. "Mzee wangu, sema hata dada. Nitamruhusu."

Shemeji akamtazama dada yake. Nilidhani atasema. Kisha akainama, akakiweka kijiti chini juu ya mstari, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Sasa, kijiti kikianguka au kikiwekwa chini, anayeruhusiwa kukiokota ni yule tu aliyekiacha. Kila mkimbiaji analijua hilo. Kwa hiyo kikabaki pale barabarani, kijiti cha familia yetu, na wakimbiaji wa familia nyingine wakawa wanakiruka. Mke wa muuza vipuri alikuwa upande wa pili wa barabara. Sitasahau jinsi alivyoweka mkono mdomoni ili watu waone anajizuia.

Wifi akainua kamba, akapita. Filimbi ikalia. Msimamizi akamwambia, "Mama, hujaitwa." Akamjibu bila kumgeukia kwamba analijua hilo kuliko yeye. Akatembea mpaka mstarini, akakitazama kijiti, akamtazama kaka yake, akakiruka kijiti, akaondoka mbio mikono mitupu.

Hapo ndipo wasemaji wengi wanapomalizia hadithi. Wengine walikuwa wamegeuza shingo wakiwatazama walio mbele. Wengine walikuwa bado wanacheka. Mimi sikugeuza shingo. Wifi alikuwa amekwisha kulipita jengo la posta, anakaribia duka la miwani, shemeji alipotoa sauti. Mara ya kwanza ilitoka imekwaruza, nusu yake ilibaki kooni.

"Kitinda."

Kisha akaenda mpaka katikati ya barabara, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo ilimfanya hata msimamizi atoe filimbi mdomoni.

"Kitinda! Dada!"

Wifi alikwenda. Hakugeuka, hakupunguza mwendo, bega halikushtuka. Aliimaliza sehemu yake yote bila kijiti, wa mwisho kabisa, watu wa klabu wakiwa wamekwisha kukunja mabango, akijua tangu mwanzo kwamba haitahesabiwa. Sisi tukaondolewa mashindanoni. Mke wa muuza vipuri alivuka barabara kunipa pole, akasema labda mwakani tuletewe mkalimani. Nikamjibu kwamba sisi tukigombana husikika. Wengine wakigombana hugawana magodoro kimyakimya. Akarudi upande wake wa barabara, maana magodoro yenyewe yalikuwa yake.

Shemeji aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia mimi niliomba timu ya mbio, wao wakaniletea mahakama. Lakini swali lililokuwa likimla halikuwa langu. Aliuliza mara mbili tukirudi, akijifanya anauliza jambo dogo, kama pale duka la miwani mtu anaweza kusikia sauti inayotoka posta.

Kesho yake nikaenda chumba cha kufulia. Mvuke, kelele, mashuka. Aliyekuwa akilisha naye aliniona, akafurahi kupata sababu ya kupumzika, akaniachia pembe. Nikaishika. Sikuwa nimekuja kufanya kazi, lakini huwezi kuzungumza na wifi yangu ukiwa umesimama bure.

"Wifi, ulimsikia?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto."

Tukaingiza shuka moja, ikaingia ya pili. Yangu ilitangulia kidogo, akaivuta.

"Nilisikia," akasema. "Zote mbili."

"Basi kwa nini hukugeuka? Mtu mzima kasimama katikati ya barabara anakuita, watu wote wanamtazama."

"Nilitaka aniite, wifi. Sikuwahi kusema nitaitika."

Nilimwambia kwamba hiyo si haki, kwamba yule mtu alijivunja mbele ya mtaa. Akaniambia kwamba na yeye alivunjwa mbele ya mtaa huohuo, na hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenye mashine kuhusu haki. Shuka nyingine ilikuwa inangoja, nikaishika pembe.

Nilimpelekea shemeji majibu yote mawili, kwa sababu kumpelekea moja kungekuwa kumdanganya. Lile la kwanza alilipokea vizuri. La pili lilipofika akaikunja ile karatasi iliyokuwa mkononi mpaka haikukunjika tena. Hawajasemezana. Huyu bado anaishi mbele na yule nyuma, na wakipishana mlangoni kila mmoja huutazama ukuta wake.

Ila "yule wa mashuka" nimeacha kumsikia. Wiki iliyopita shemeji alikuwa kwangu, chai mkononi, akilalamika kwamba wifi ameweka kamba yake ya nguo mbele ya dirisha lake. Akasema, "Huyo Kitinda wenu ana kiburi cha punda."

Nikampelekea wifi hilo pia. Nilimkuta kazini, akasimamisha mashine kwa mguu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mtu.

"Alisema Kitinda, au alisema yule?"

Nikamwambia alisema Kitinda.

"Punda mwenyewe," akasema, akaingiza shuka.